Nafasi Uliyoikuta Wazi Mjini Ni ya Nani?



Kuna swali limenikaa moyoni tangu niliporejea kutoka Kigoma. Mimi ni mwalimu wa Elimu ya Dini ya Kiislamu. Maswali ya halali na haramu ndiyo riziki yangu, na kwa kawaida huyajibu nikiwa nimesimama mbele ya ubao na chaki mkononi. Hili nimeshindwa kulijibu kwa wepesi huo, kwa sababu mtuhumiwa ni mimi mwenyewe.

Swali lenyewe ni hili. Mgeni ameingia na gari katika mji asioujua. Amekuta nafasi iko wazi, ameegesha, ameenda kuswali Ijumaa. Kumbe ameziba njia ya mtu. Je, ana kosa? Na kama yule aliyezibiwa njia amemwambia "haidhuru, wewe mgeni", je, jambo limekwisha?

Nilikwenda Ujiji na ujumbe wa familia kupeleka posa ya mdogo wangu. Tulitoka Tabora na gari la kuazima, tukapita Urambo, Kaliua na Uvinza, tukafika Alhamisi jioni. Siku ya pili, mzee aliyetupokea alinishauri: "Mwalimu, gari liache hapa hapa chini ya mwembe. Tupande bajaji mpaka Mwanga, tuswali, turudi." Mwanga, kwa asiyepajua, iko baina ya Ujiji ya zamani na Kigoma ya stesheni na bandari, na pale sokoni ndipo mji wote unapokutania. Mzee alikuwa anasema kwa kujua. Mimi nilikataa. Nilisema jua kali, nilisema kanzu itachafuka. Ukweli ni kwamba tulikuwa tumekuja kuposa, na nilipenda tuonekane tumekuja na gari. Allah anisamehe.

Nilimshusha mzee mlangoni mwa msikiti, nikaenda kutafuta pa kuegesha peke yangu. Adhana ilikuwa imeshaanza. Barabara imejaa bajaji, bodaboda, Fuso zinazopakia, akina mama na mabeseni ya dagaa, na magari ya wenzangu wanaoswali yamejipanga mistari miwili. Nikazunguka mara ya kwanza, nikazunguka mara ya pili. Mara ya tatu nikaona nafasi baina ya duka la kanga lililofungwa na rundo la madumu matupu. Nafasi pana, safi, kana kwamba imefagiliwa kwa ajili yangu. Nikasema alhamdulillah, nikaingiza gari. Kijana mmoja aliyekaa juu ya mkokoteni upande wa pili wa barabara aliniinulia mkono. Nami nikamwinulia wangu, nikafunga milango, nikaenda zangu.

Swala ilikwisha. Ningetoka pale pale na kwenda kwenye gari, pengine nisingekuwa na la kuandika. Lakini nje ya msikiti nilikutana na mtu tuliyesoma pamoja chuo kikuu, tukashikana mikono, tukaulizana habari za watoto na za kazi. Robo saa ikapita, na nyingine ikafuata.

Niliporudi nilimkuta mama mmoja wa makamo amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kwenye kivuli cha gari langu. Ubavuni pake kulikuwa na madumu ya lita ishirini yaliyojaa mawese, yamepangwa ukutani. Ndipo nikaona kile ambacho sikukiona mwanzo. Nafasi ile ilikuwa mdomo wa uchochoro. Nyuma yake kuna ua, na ndani ya ua kuna stoo ya mama yule. Mkokoteni hauna njia nyingine ya kutokea.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umetoka kuswali?"

"Ndiyo, mama."

"Allah akutakabalie."

Hakupaza sauti. Watu waliokuwa karibu ndio walionieleza. Fuso la Kasulu lilikuwa linapakia upande wa pili. Madumu yake yalikuwa ishirini. Waliposhindwa kupitisha mkokoteni, yeye na kijana walibeba kwa mikono, wakijibana baina ya gari langu na ukuta. Walifikisha manane. Dereva akasema hawezi kusubiri zaidi. Kumi na mawili yalibaki pale chini, na mteja wa Kasulu alikuwa anayangojea kwa soko la kesho yake. Nikaanza kuomba radhi kwa maneno mengi, kama tufanyavyo walimu. Mama akanikatiza kwa upole: "Haidhuru. Wewe mgeni, ungejuaje?"

Nikamuuliza amejuaje kuwa mimi ni mgeni, maana namba za magari yetu hazitaji mkoa. Akajibu: "Mwenyeji haegeshi hapa."

Neno hilo moja lilinifungua macho kuliko darsa nyingi. Katika mji uliosongamana, saa saba mchana siku ya Ijumaa, nafasi haiachwi wazi kwa bahati. Ikiwa magari ishirini yamepita pale na hakuna lililoingia, basi kuna jambo wanalolijua wenye mji ambalo mimi silijui. Wao walikuwa wanaona njia, mimi nikaona nafasi. Nami badala ya kujiuliza kwa nini pako wazi, nilimshukuru Mola kwa neema ambayo hakunipa.

Sasa turudi kwenye fiqhi. Je, barabara ni ya nani? Imam Nawawi katika Minhaj, kitabu ambacho masheikh wetu wa Afrika Mashariki wamekisomesha kizazi baada ya kizazi, amelizungumza hili katika mlango wa kuhuisha ardhi mfu. Asili ya manfaa ya njia ya watu wote ni kupita. Kukaa humo kwa kupumzika au kwa biashara kunaruhusiwa, hata bila ya ruhusa ya mtawala, kwa sharti moja: usiwabane wapitao. Haki ya kwanza ni ya anayepita, na anayesimama amekaribishwa tu. Na gari lililoegeshwa, hata liwe zuri vipi, ni kitu kilichosimama.

Kuna jingine katika mlango huo huo ambalo sisi wenye magari hatulipendi. Mchuuzi aliyezoea kukaa mahali fulani njiani akiondoka kwa nia ya kurudi, haki yake ya mahali pale haipotei, ila akikawia mpaka wateja wake wahamie kwa wengine. Yaani yule mama wa nyanya aliyekunja mkeka akaenda kuswali, kwa fiqhi hiyo ana haki zaidi juu ya zile futi nne za ardhi kuliko gari lililoingia wakati hayupo. Tangu mwaka 2021, serikali ilipoanza kuwahamisha machinga kutoka pembezoni mwa barabara za miji yetu, nimewasikia Waislamu wengi wenye magari wakisema afadhali, walikuwa wanaziba njia. Huenda walikuwa wanaziba. Lakini meza ya machinga ni ndogo kuliko boneti ya gari, na inalisha watoto. Gari langu pale Mwanga lilikuwa halimlishi mtu.

Ama uchochoro, hukumu yake ni nzito zaidi. Njia isiyotokea upande wa pili, wanazuoni wetu wanaihesabu kuwa ni milki ya wale ambao milango yao inafungukia humo. Ujiji na mitaa mingi ya zamani ya kando ya ziwa imejaa njia za aina hiyo. Mji ule ulikuwa kituo cha mwisho cha misafara iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora, mbele yake ni maji. Mizigo ilifika juu ya vichwa na mabega ya watu, na njia zikakatwa kwa upana wa mtu na mzigo wake. Ukiweka gari mdomoni mwa njia kama hiyo umekaa kwenye kizingiti cha nyumba za watu. Nasi tunajua katika Suratun-Nur, aya ya 27 na ya 28, kwamba hatuingii nyumba zisizo zetu mpaka tuombe idhini na tuwasalimie wenyewe, na tukiambiwa turejee, turejee.

Lakini, atasema mtu, wewe ulikuwa unaiwahi Ijumaa. Allah ametuamrisha tuache biashara tuiendee swala, na yule mama naye angeacha biashara yake. Hoja hii nimeisikia kwa masikio yangu katika miji yetu, tena kwa watu wenye sijda usoni. Kwanza, Ijumaa haikufaradhishwa kwa wanawake, na dereva wa Fuso wala mteja wa Kasulu hatujui dini zao. Pili, hata kuiwahi swala kuna adabu yake: tumefundishwa na Mtume (s.a.w.) tuiendee kwa utulivu, bila ya kukimbia. Mwenye kuchelewa ajilaumu kwa kuchelewa, asiwatoze wengine. Tatu, siku moja ya Ijumaa mtu alikuwa anaruka shingo za watu msikitini ili afike mbele, na Mtume (s.a.w.) alimwamrisha akae chini kwa kuwa amekwisha waudhi wenzake. Yule aliruka kwa miguu yake miwili. Sisi tunawaruka watu kwa tani moja ya chuma.

Na kuna hadithi nyingine ambayo naomba maimamu waisome juu ya mimbari, kwa sababu sikumbuki kama nimewahi kuisikia katika hotuba. Ameipokea Abu Daud kutoka kwa Muadh bin Anas al-Juhani. Jeshi la Waislamu lilikuwa vitani pamoja na Mtume (s.a.w.). Walipotua, watu walisongamana katika mahali pa kambi na wakaikata njia. Mtume (s.a.w.) akamtuma mpiga mbiu atangaze kwamba atakayebana mahali pa kutua au akakata njia, huyo hana jihadi. Zingatia, ndugu msomaji. Hawa hawakuwa wamekwenda sokoni. Walikuwa wameacha nyumba na watoto, wameziweka roho zao mkononi kwa ajili ya Allah, na amali yao kubwa kuliko zote ikatishiwa kubatilika kwa sababu ya mahali walipoweka ngamia na mahema. Ikiwa jihadi ya maswahaba ilikuwa hatarini kwa jambo hilo, Ijumaa yangu ya Mwanga ina dhamana gani?

Kwa hakika mafundisho juu ya kutua na kusimama njiani ni mengi kuliko tunavyodhani. Muslim amepokea kutoka kwa Abu Hurayra kwamba msafiri anayetua usiku kupumzika anatakiwa ajiepushe na njia, kwa kuwa ndiyo mapito ya wanyama. Nikakumbuka njia ya kutoka Uvinza usiku ule wa Alhamisi, tulivyokutana na lori bovu limeachwa katikati ya barabara bila taa, alama yake matawi mawili ya mti yaliyonyauka. Dereva wetu alilikwepa kwa rehema ya Allah.

Nije kwenye udhuru wa kutojua, maana huo ndio mgeni anaoutegemea. Ni kweli umma huu umesamehewa kukosea na kusahau. Lakini wanazuoni wanatenganisha baina ya dhambi na dhamana. Dalili yao iliyo wazi ni Suratun-Nisaa aya ya 92: aliyeua kwa kukosea hana dhambi ya muuaji, na bado diya inatolewa kwa watu wa marehemu, ila wao wenyewe waifanye sadaka. Kutojua kunamwondolea mtu hatia mbele ya Mola. Aliyepotelewa hakumrudishii kitu.

Hapa mwanafunzi wangu mmoja wa kidato cha sita, kijana mkali wa hoja, alinipinga nilipowasimulia darasani. Alisema: "Ustadh, mawese hayakumwagika. Hakuna mali iliyoharibika. Alichokosa ni faida ya kesho, na kadhi hawezi kukuhukumu ulipe faida ambayo haijapatikana." Nilimpa alama zake, kwa sababu kwa njia ya mahakama nadhani amesema sawa. Hata hivyo mafaqihi wenyewe wana mambo mawili wanayoyatenganisha: hukumu inayotolewa na kadhi, na kile kinachobaki baina ya mja na Mola wake. Mengi ambayo hakuna kadhi atakayekuitia yatakuita siku nyingine. Yule muflisi aliyetajwa katika hadithi ya Muslim, anayekuja Siku ya Kiyama na swala na funga na zaka kisha thawabu zake zikagawiwa kwa wale aliowadhulumu, hakuambiwa kwamba kesi zake zote zilikuwa na hukumu ya mahakama.

Wengine wanadhani ushuru unamaliza kila kitu. Nimelipa maegesho, nina risiti, nani aniambie nini? Dar es Salaam siku hizi mhudumu hunasa namba ya gari lako kwa kifaa chake, deni likakaa kwenye mfumo na ukalilipa kwa simu. Mgeni aliyeazima gari aangalie hapo. Anaweza kurudi mkoani kwake na furaha zote, na deni likamfuata mwenye gari, ambaye siku ile alikuwa amelala nyumbani kwake. Hiyo ni amana, na aliyekuazima gari hakukuazima jina lake ulikopee. Kuna na yule mhudumu anayekwambia umpe nusu mkononi yaishe bila risiti. Mgeni huona amefanyiwa wema, kumbe wawili hao wamegawana mali ya watu wote. Lakini hata aliyelipa kwa haki kabisa, amelipia mahali palipotengwa. Mlango wa mtu hauuzwi na halmashauri, hivyo hakuna risiti inayouhusu.

Nakiri kwamba lawama si za madereva peke yao. Miji yetu haikupangwa kwa wingi huu wa magari, na misikiti yetu mingi imejengwa mpaka ukingo wa kiwanja bila kuachwa hata mahali pa baiskeli. Tunachangisha kwa ajili ya minara na mazulia, na kamati za misikiti hazikumbuki kuteua vijana wawili wenye vizibao wasimame nje siku ya Ijumaa na kuwaelekeza wageni. Vijana hao pale Mwanga wangeniokoa. Hata hivyo nilikuwa na mtu wa kunielekeza, tena bure. Mzee aliniambia niache gari chini ya mwembe.

Jioni ile nilimsimulia mzee huyo barazani kwake. Nilifika pale kwenye "haidhuru" nikiwa na matumaini kidogo, kama mtu anayetafuta cheti cha kuachiwa huru. Mzee akatafuna maneno yangu, kisha akauliza: "Umesimama mbele yake na kanzu na kofia, umetoka msikitini, umemwamkia shikamoo, watu wanatazama. Ulitaka akwambie nini?"

Nilinyamaza. Imam Ghazali katika Ihya, anapozungumzia kuomba, amelieleza jambo hili kwa ukali: anachotoa mtu kwa kuona haya, na mpokeaji anajua kuwa ni haya iliyokitoa, si halali kwa mpokeaji, kwa sababu mali ya Muislamu haihalaliki ila kwa ridhaa ya nafsi yake. Kama ni hivyo kwa shilingi, kwa nini isiwe hivyo kwa msamaha? Watu wa mwambao wa Ziwa Tanganyika ni wakarimu. Wamepokea wageni kutoka kila upande, kutoka pwani, kutoka Burundi na kutoka Kongo ng'ambo ya maji, na ulimi wao umezoea kumtoa mgeni aibuni. Ukarimu huo ni sadaka yao. Mgeni anapougeuza kuwa hati ya kujifutia deni, amechukua kitu ambacho hakupewa. Tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi nilikuja, na mwenyeji akabakiwa na madumu kumi na mawili.

Usiku nililala nikiifikiria Hijra. Hakuna mgeni aliyepokelewa kwa furaha kama Mtume (s.a.w.) alipoingia Madina. Kila mlango ulimtaka. Aliwaambia wamwachie njia ngamia wake, kwani ameamrishwa. Ngamia akapiga magoti kwenye uwanja wa kuanikia tende, mfano wa zile nyanja za kuanikia dagaa unazoziona Katonga. Sasa tazama alichofanya. Ngamia amesimama kwa amri ya Mola, na bado alitaka kujua uwanja ule ni wa nani. Ulikuwa wa mayatima wawili, Sahl na Suhayl. Akawaita ili wapatane bei. Wakasema wanampa bure. Katika riwaya ya Bukhari, alikataa kuupokea kama zawadi mpaka akaununua. Mgeni yule hakuuchukulia ukarimu wa mayatima kuwa ni bei. Nami ambaye gari langu halikuamrishwa na yeyote ila kiburi changu, sikuuliza hata swali moja.

Jumamosi asubuhi mzee alinipeleka Kibirizi kununua migebuka ya kurudi nayo. Safari hii tulipanda bajaji. Mitumbwi ilikuwa inaingia kutoka usiku wa kuvua, na nilisimama kuitazama namna inavyokaa. Neno letu hili, kuegesha, halikuanza na gari. Mabaharia na wavuvi walikuwa nalo zamani, la kukileta chombo karibu na ufuko au ubavuni mwa chombo kingine, na lina undugu na kuegemea. Huwezi kuegemea hewa. Kila aliyeegesha ameegesha kando ya mtu. Mtumbwi mmoja wenye injini ulikuja taratibu, mwenyewe akasimama mbele na kamba mkononi, akawauliza waliokwisha fika: "Nije wapi?" Wakamwonyesha. Akafunga kwa nje, akapita juu ya mtumbwi wa jirani kwa kuomba ruhusa. Hakuna aliyemwona mshamba kwa kuuliza.

Kutoka Kibirizi nilimwomba mzee tupitie Mwanga. Mama nilimkuta uani kwake. Nilimwambia sikuja kuomba radhi tena, nimekuja kujua hasara ni kiasi gani, na asinionee haya kwa sababu leo sikuvaa kanzu. Alicheka sana. Akasema mteja wa Kasulu ameshanunua kwa mwingine, hilo ni riziki na yeye halidai. Nikamng'ang'ania. Mwishowe, mzee akiwa amejigeuzia upande wa pili ili asimtie haya, akataja nauli ya kupeleka madumu kumi na mawili kwa gari la Jumatatu: shilingi 24,000. Alizipokea kwa mikono miwili, akazihesabu, akazifunga kwenye pindo la kanga. Kuhusu faida aliyoikosa alisema: "Hiyo nimekusamehe jana, na leo nimekusamehe tena. Ya leo ndiyo yenyewe."

Akaniambia nimwone na kijana wa mkokoteni, kwa sababu alibeba madumu manane kwa mikono na alilipwa ujira wa kusukuma tu. Nilimkuta pale pale ng'ambo ya barabara. Uchochoro ulikuwa wazi, na bodaboda zilikuwa zinaupita bila hata kuutazama. Nilimpa haki yake, nikamuuliza kwa nini jana hakunikataza nilipokuwa naegesha.

"Nilikupungia mkono uondoke, ustadh," alisema. "Ukanipungia na wewe."